Rais, simu za watu na zile saa 72

Kila ukiibuka mjadala wa rais wa Marekani kunasa mawasiliano bila kibali cha mahakama, wanaodai kibali wanachorwa kama watu wa vitabuni wasiojua ugaidi ni nini, eti wanataka FBI, polisi wa upelelezi wa nchi hiyo, wakae foleni kwa jaji huku bomu linategwa. Mi naona wanaonewa, maana ukiisoma sheria yenyewe hiyo foleni haipo.

Kwa ufupi tu, mwaka 1978, baada ya kamati ya Seneta Frank Church kuanika jinsi FBI, CIA (majasusi wa nje) na NSA (shirika la kunasa mawasiliano) walivyokuwa wanawachimba raia, Kongresi ilipitisha sheria ya FISA na kuunda mahakama ya siri, ukitaka kunasa mawasiliano ya mtu aliye ndani ya nchi kwa mambo ya ujasusi unapita hapo. Ila hiyohiyo sheria ina kifungu cha dharura: Mwanasheria Mkuu anaruhusu watu waanze kusikiliza sasa hivi, karatasi zije baadaye. Mwanzoni zilikuwa saa 24, baada ya Septemba 11 zikawa 72, na 2008 zikafika siku 7. Yaani unasikiliza kwanza ndo unaomba ruhusa. Haraka gani tena mtu anataka?

Rais George W. Bush hakupita hapo. Oktoba 2001 aliwaruhusu NSA wanase mawasiliano kati ya watu walioko Marekani na walioko nje bila mahakama kabisa, na wananchi wakaja kujua Desemba 2005 kupitia New York Times, gazeti ambalo lenyewe lilikuwa limeikalia habari hiyo kama mwaka mzima baada ya kuombwa na Ikulu.

Sasa upande wa rais nao una hoja, tusiupuuze. Kongresi ilimpa ruhusa ya kutumia nguvu dhidi ya waliofanya shambulio la Septemba 11, na vita bila kumsikiliza adui ni vita gani. Halafu kuna Zacarias Moussaoui, aliyekuja kuhukumiwa kwa njama za Septemba 11, alikamatwa Minnesota Agosti 2001, maafisa wa FBI wa pale walitaka sana kufungua kompyuta yake, makao makuu wakasema ushahidi hautoshi kwa FISA, ikaja kufunguliwa baada ya watu kuwa wameshakufa. Inauma, na ndo mfano wanaoutaja siku zote. Lakini angalia vizuri, hakuna jaji aliyekataa. Ombi halikufika mahakamani! Liliishia kwa mabosi wa FBI wenyewe, halafu lawama ikaenda kwa mahakama ambayo haikuulizwa kitu.

Na kuna hii namba ambayo kila upande unaipenda. Kuanzia 1979 hadi 2012 mahakama ya FISA ilipokea maombi zaidi ya 33,000, iliyoyakataa hayafiki 15. Watu wa haki za raia wanasema huo ni muhuri tu, kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani, na serikali inasikilizwa peke yake bila upande wa pili. Serikali nayo inasema hapana, hiyo inaonyesha wanasheria wetu wanajipanga vizuri. Na kweli mwaka 2013 jaji mkuu wa mahakama hiyo, Reggie Walton, aliwaandikia maseneta kwamba ndani ya miezi mitatu asilimia 24.4 ya maombi yalibadilishwa kwa kiasi kikubwa kabla ya kupita, kitu ambacho ile namba ya kukataliwa haikuonyeshi. Sawa, chukua tafsiri yoyote unayotaka. Kama ni muhuri tu, basi rais alikuwa anaukwepa kwa nini? Mahakama inakupa karibu kila unachoomba, inakuruhusu uanze kabla ya kuomba, bado unaikimbia!

Jibu ninaloliona mimi ni kwamba tatizo halikuwa kukataliwa, tatizo ni kuandika. Ombi la FISA linataka useme unamlenga nani, kwa sababu gani, na kuna afisa anakula kiapo kwamba aliyosema ni kweli. Hiyo karatasi inabaki. Oktoba 1963, kabla FISA haijakuwepo, Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, aliidhinisha simu za Martin Luther King zinaswe, saini yake ilitosha, jaji hakuhusika, na mwaka uliofuata FBI wakamtumia King barua isiyo na jina iliyosomeka kama inamsukuma ajiue. Hebu jaribu kuandika sababu za kitu kama hicho mbele ya jaji, chini ya kiapo.

Wengine watasema serikali inajidhibiti yenyewe ndani kwa ndani, na watakutajia Machi 2004. John Ashcroft, Mwanasheria Mkuu, yuko hospitali mahututi, wanakuja mwanasheria wa Ikulu Alberto Gonzales na mkuu wa watumishi wa Ikulu Andrew Card, usiku, wana bahasha wanataka asaini ule mpango wa NSA uendelee. Akainua kichwa kwenye mto akakataa, akasema mwenye madaraka kwa sasa ni naibu wake James Comey, aliyekuwa amesimama palepale. Ikulu ikauendeleza bila saini ya wizara ya sheria, mpaka Comey na Robert Mueller wa FBI walipojiandaa kujiuzulu ndo Bush akalegeza. Ni kweli walisimama imara, heshima kwao. Ila wananchi walikuja kuisikia kwa undani 2007, na yote ilitegemea mgonjwa kuwa na nguvu ya kuinua kichwa.

Na kwenda kushtaki nako ni shida. Februari 2013 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ilisema waliopinga upanuzi wa FISA wa 2008, ulioruhusu kunasa mawasiliano ya wageni walioko nje bila kibali cha mtu mmoja mmoja, hawawezi kuthibitisha kwamba wao wenyewe wananaswa, kesi ikafia hapo. Uthibitisho wautoe wapi wakati ni siri?

Anayedhani hii ni habari ya Bush na chama chake aangalie waliofuata. Obama akiwa seneta aliupigia kura ya ndiyo upanuzi huohuo. Aprili 2024 kikaletwa kipengele cha kuwalazimisha FBI wapate kibali kabla ya kutafuta habari za Wamarekani kwenye data iliyokusanywa kwa sheria hiyo, serikali ya Biden ikakipinga vikali, kura za Baraza la Wawakilishi zikawa 212 kwa 212, na kura zikilingana kipengele kinaanguka.