Simba wa Tsavo niliwaona Chicago

Simba wa Tsavo niliwaona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na nne, nimevaa koti zito na viatu vya theluji. Wako ndani ya kioo katika jumba la Field Museum, Chicago: madume wawili wasio na manyoya shingoni, wale wale waliowala wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898. Nilicheka peke yangu pale mpaka mlinzi akanitupia jicho. Mimi ni mtoto wa Voi. Kutoka kwetu hadi geti la mbuga ya Tsavo Mashariki ni safari ya bodaboda, na miaka yote niliyoishi pale sikulivuka hata siku moja.

Aliyewapiga risasi, Patterson, mhandisi wa daraja lile, aliwafanya mazulia ya nyumbani kwake kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba lile ngozi na mafuvu kwa dola 5,000. Ndiyo maana wanaonekana vijisimba tu. Ngozi zilikuwa zimekatwa na kukanyagwa kitambo. Yeye alidai walikula watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na nywele zao walitangaza mwaka 2009 kwamba huenda ni 35 hivi. Siku hiyo niliingia bure, maana ilikuwa siku ya wakazi wa Illinois. Mkazi. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Marekani imenifundisha tabia moja ambayo sikutoka nayo nyumbani: kuingia mbugani kama mtu anayetoka uani kwake. Safari yetu ya kwanza Yellowstone tulikwenda na gari letu kuukuu, barafu na soda nyuma, mayai ya kuchemsha, hema la kuazima. Getini unalipia gari, si vichwa: dola 35 kwa siku saba. Hakuna aliyeniuliza nimeletwa na kampuni gani. Ndani ni lami, baisani wamelala katikati ya njia, foleni kama ya Changamwe jioni, na familia za mafundi bomba na madereva wa lori, kila mmoja ana hakika kwamba pale ni pao. Masharti wanayasoma na kuyavunja papo hapo. Unaambiwa ukae yadi 25 mbali na baisani, na bado utamwona mtu na simu yake anasogea, anasogea.

Kwetu mbugani waliingia watu wa aina mbili: wageni ndani ya vani zinazofunguka paa, na askari wa wanyama. Sisi tulikuwa watu wa kupunga mikono kando ya barabara. Shule nyingine zilipeleka watoto. Yetu haikuwa na basi. Hakuna aliyetukataza, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Tulijikataza wenyewe, tukasema mambo ya kutazama wanyama ni ya wazungu, kana kwamba macho yana kabila.

Agosti iliyopita nikasema tunaingia, na dereva ni mimi. Nilikodi Probox Mombasa. Waliosikia walinicheka, lakini wakati wa kiangazi ukishika njia kuu za ndani gari dogo linapita bila taabu. Mbele alikaa mdogo wangu, nyuma wanangu wawili.

Getini nikatoa kitambulisho. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, noti hazipokelewi. Afisa akaniuliza kwa upole, "Na hawa watoto, mzee?"

Hawa watoto wana pasipoti za Marekani tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtoto wa Mkenya ni raia wa kuzaliwa hata akizaliwa ng'ambo. Ila geti halisomi Katiba, linasoma karatasi, na karatasi za Kenya sikuwahi kuwatafutia. Basi baba akalipa shilingi za raia, wanawe wakalipa dola za wageni, na kila mmoja wao akanizidi mara kadhaa. Binti yangu akauliza, "Kwani sisi ni wageni?" Mdogo wangu akageukia dirishani. Afisa hakukosea hata chembe. Uvivu ni wangu, wa miaka kumi na moja, sawa na umri wa binti huyo. (Wamarekani nao wasijione. Tangu Januari 2026 asiye mkazi anaongezwa dola 100 katika mbuga zao 11 mashuhuri, Yellowstone ikiwemo. Dunia nzima sasa inauliza wewe ni wa wapi kabla ya kukuonyesha mnyama.)

Ndani, njia panda zina vinguzo vya mawe vyenye namba. Ukiwa na ramani ya karatasi huhitaji mtandao, na ni heri, maana mtandao wenyewe unakuja na kwenda. Mwendo ni kilomita 40 kwa saa, na saa kumi na mbili jioni uwe umetoka. Udongo mwekundu unaingia masikioni, na ndovu wanajipaka huo huo mpaka wanafanana na kichuguu kinachotembea. Mwanangu mdogo aliamini wamezaliwa na rangi hiyo. Sikumkosoa hadi jioni.

Tulikaa bwawa la Aruba, lile lililojengwa mwaka 1952, nikazima injini. Hapa ndipo nilipoelewa ninachokosa Yellowstone. Kule hupati kimya, kuna gari nyuma yako linalotaka nafasi ya kuegesha. Hapa ndovu zaidi ya ishirini walikuja kunywa, na kitu cha pekee tulichosikia ni matumbo yao yakinguruma kama lori la mizigo linalopanda Mazeras. Watoto waliweka simu chini wenyewe. Kisha zikaja vani tatu, redio zikalia, dereva mmoja akasema neno, zote zikageuza na kuondoka kwa vumbi. Bila shaka palikuwa na simba mahali. Sikuwafuata, Probox ina mipaka yake.

Kwa hiyo simba sikumwona, na sitadanganya kwamba haikuniuma. Anayetaka simba amlipe anayewajua simba, wale madereva wana macho ambayo mimi sina. Nilichonunua mimi ni ruhusa ya kukaa nilipopenda kwa muda nilioutaka.

Pancha nayo ilikuja, saa nane mchana. Kushuka garini hakuruhusiwi isipokuwa sehemu maalumu, lakini tairi halijui hilo. Tulizungusha macho pande zote kwa dakika tano, mdogo wangu akashuka na jeki, mimi nikasimama mlangoni kama askari, silaha yangu mwavuli. Spea yenyewe ilikuwa nusu upepo. Yellowstone ningepata watu kumi wa kunisaidia na mmoja wa kunirekodi. Pale alikuwepo swala twiga mmoja, amesimama kwa miguu miwili anakula kichaka, hana habari na sisi.

Akikaza nati, mdogo wangu akasema lile lililokuwa likimkaa kooni tangu asubuhi. "Kaka, wewe umelipa dola kuwatazama ndovu. Mama anawaona bure. Waliingia shambani Juni, mahindi yote kwisha."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Mwaka wa ukame, 2022, serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na nikiwa Chicago nilihuzunika, nikasambaza picha. Mwaka huo huo Mama hakuvuna gunia, na picha yake sikuisambaza. Ukiishi mbali ni rahisi kumpenda ndovu. Halali nje ya dirisha lako. Na tusiseme Waamerika walijaliwa mbuga tupu: Yellowstone ilipotangazwa mwaka 1872 wenyeji wake, Watukudika, walikuwa wakiishi mle, wakaondolewa. Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948 Waata walikuwa wakiwinda mle kwa pinde zao ndefu, wakageuzwa majangili katika ardhi ya babu zao. Tofauti ni kwamba mwana wa fundi bomba wa Marekani leo anaingia kwao kwa dola 35 na wenzake garini, na mwana wa jirani ya Mama anakaa macho usiku akigonga debe kufukuza ndovu.

Najua wenzangu wa ughaibuni mtaniambia gharama, usalama, barabara. Sawa. Lakini nauli ya kwenda Orlando mnaipata, na kule panya wa Disney anavaa glavu.

Usiku tulilala kwa Mama. Saa saba debe likaanza kulia upande wa pili wa bonde, watoto wakaamka, mdogo wangu akachukua tochi na kutoka. Binti yangu akataka kumfuata. Nikamkataza. Akaniuliza mbona mchana tuliwalipia na usiku tunawafukuza, nikamwambia alale.

Fomu za pasipoti zao za Kenya ziko juu ya friji hapa Chicago. Zimebaki picha, na cheti kimoja cha kuzaliwa ambacho mke wangu anaapa kwamba kiko kwenye sanduku la jikoni.