Vumbi la Dodoma lipelekwe maabara

Jamani wana Dodoma vumbi tunalilaani kila kiangazi ila mimi leo nalitetea. Wamama wengi mnaijua nistatini, ile dawa ya matone ya njano anayopewa mtoto akiota utando mweupe wa fangasi mdomoni, sasa ile inatengenezwa na bakteria wa udongoni anaitwa Streptomyces noursei, na udongo wenyewe ulichotwa shamba la ng'ombe wa maziwa kule Virginia, Marekani. Waliomgundua ni wanawake wawili, Elizabeth Hazen alikuwa New York na Rachel Brown yuko Albany, wanatumiana sampuli kwa posta (posta, sio utani) mpaka 1950 wakaitangaza, na bakteria akabeba jina la wenye shamba.

Na sio hiyo tu. Anfoterisini B, inayotibu homa ya uti wa mgongo ya fangasi kwa wenye VVU, asili yake udongo wa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Natamisini, dawa nyingine ya fangasi, udongo wake ni wa Natal, Afrika Kusini, yaani bara letu hili hili! Zote zinafanya kazi kwa kung'ang'ania ergosteroli, mafuta yaliyopo kwenye utando wa seli ya fangasi. Sisi tuna kolesteroli badala yake, ndo maana fangasi anaumia zaidi yetu, japo anfoterisini figo inazisumbua kweli.

Sasa hapa kwetu mizabibu ya Hombolo inapigwa salfa kila msimu kisa ubwiri unga, ugonjwa wa fangasi, wakati wenzetu nchi nyingine wanapulizia Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, anauzwa dukani kabisa. Na sumukuvu, ile sumu ya fangasi kwenye nafaka, je? Mwaka 2016 iliua watu huku kwetu na tukazika. Sisemi bakteria ataondoa sumu ambayo ishaingia kwenye mahindi au karanga, hapo cha kwanza ni kukausha vizuri na kutunza pakavu, lakini fangasi anayeileta anaanzia shambani, na shambani ndo kuna hawa bakteria maadui zake.

Maoni yangu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na watafiti wa zabibu Makutupora wachote udongo wetu waupime, vijana wa maabara wapo. Ila makubaliano yaje kwanza. Mrabaha wa nistatini, yaani malipo ya wagunduzi kwa mauzo ya dawa, ulizidi dola milioni 13, Hazen na Brown wakauelekeza wote kwenye utafiti, safi sana, lakini mkulima wa Hombolo udongo wake ukitoa dawa yeye anapata nini? Hilo liandikwe kabla mtu hajachota hata kijiko.