Mwanafunzi wa Kompyuta na Darasa la Kusikiliza Muziki

Tangu 1947, anayesoma Columbia College, New York, kwa kawaida hahitimu bila kukaa muhula mmoja katika darasa la kusikiliza muziki. Hatakiwi kupiga chombo wala kuimba. Kazi yake ni kusikiliza, kisha kueleza alichokisikia. Anayechukua sayansi ya kompyuta naye yumo, na ndiye anayelalamika zaidi: mimi na haya wapi na wapi?

Lalamiko lake si la kupuuzwa. Ada ya pale imepita dola 60,000 kwa mwaka, na wapo wanaoilipa kwa mkopo. Muhula mmoja wa muziki ni nafasi ambayo angesomea usalama wa mitandao au hifadhidata. Siku ya usaili mwajiri atampa tatizo aliandikie programu, hatamuuliza habari za simfoni. Tena muziki si somo pekee la lazima. Kuna fasihi, falsafa na sanaa za uchoraji, na yote yanagombea miaka ileile minne. Hata kwetu, mwanafunzi wa kompyuta aliyewahi kukesha na kazi ya darasani ya somo la lazima, huku programu yake ikimsubiri, anaujua uchungu huo.

Nisichokubali ni kinachofuata baada ya hapo: kwamba somo lenyewe ni pambo, la kumpumzisha mtu kati ya masomo ya maana.

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, John Chowning alikuwa akichezea mtikisiko wa sauti kwenye kompyuta. Chowning ni mtunzi wa muziki aliyeanzia kwenye ngoma. Mtikisiko wenyewe tunaujua: mwimbaji wa taarab akivuta silabi ya mwisho, sauti hupanda na kushuka kidogo, mara tano au sita kwa sekunde. Chowning akauongeza kasi. Akaongeza tena, na tena, hadi sikio lake likaacha kusikia mtikisiko na kuanza kusikia sauti nyingine kabisa, mara yenye mlio wa kengele, mara wa tarumbeta. Mawimbi mawili tu, moja likilitikisa jingine, yalikuwa yametoa sauti ambayo kwa njia ya kawaida ingehitaji kuunganisha mawimbi mengi.

Hesabu za jambo hilo hazikuwa ngeni. Ni zilezile za redio za FM, na wahandisi walikuwa nazo kwa miaka mingi. Hakuna aliyezisikia. Chowning mwenyewe amesema mara nyingi kwamba ugunduzi ule ulikuwa wa sikio. Hesabu alizitafuta baadaye ili aelewe alichokisikia. Stanford ikaipa Yamaha, kampuni ya vyombo vya muziki, leseni ya kuutumia ugunduzi ule, 1983 kikatoka kinanda cha DX7, na hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ikakiingizia chuo zaidi ya dola milioni 20.

Nakirudia kisa hiki kila mjadala huu unapozuka, wala si kwa sababu ya zile pesa. Najua jibu lake: Chowning alikuwa mwanamuziki aliyejifunza kompyuta, si kinyume chake, na muhula mmoja haumtoi mtu Chowning. Sawa. Lakini kisa kinaonyesha kwamba kusikiliza ni njia ya kujua, yenye nidhamu yake, na kwamba yapo mambo ambayo milinganyo huyabeba miaka nenda rudi bila mtu kuyaona. Mwanafunzi anayefuatilia sauti ya tatu kati ya nne zinazoimba kwa pamoja, akaishikilia hadi mwisho, hapumziki hata kidogo.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni jingine. Madarasa haya kwa miaka mingi yamekuwa ya muziki wa Ulaya: Bach, Mozart, Beethoven, na ngoma ya Mwafrika ikipewa dakika za mwisho kama ikipata. Hapo wakosoaji wana haki, na hasara inaiangukia hata sayansi ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alionyesha kwamba algoriti ya Euclid, yaani zile hatua za hesabu za kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, huzaa midundo ya asili ya sehemu nyingi za dunia, ya Afrika ikiwemo. Hesabu moja hadi nane juu ya meza, ukigonga kwa nguvu kwenye moja, nne na saba. Umegawa mapigo matatu ndani ya nane kwa usawa uwezekanao, na mkono wako umeshaanza kucheza. MIT, chuo kinachojulikana kwa uhandisi, kina kikundi cha wanafunzi cha ngoma za Senegal, Rambax. Dawa ya ufinyu wa somo ni kulipanua.

Na mtihani ubadilike. Ukiwa wa kukariri majina ya watunzi na miaka yao, nitasimama upande wa wanaotaka somo lifutwe. Mpigieni mwanafunzi dakika mbili za muziki ambao hajawahi kuusikia, kisha mwulizeni ni wapi ngoma ilinyamaza, na kitu gani kiliendelea kushika mdundo.