Jumatatu ile Mtaa wa Msimbazi

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023 niliamka saa kumi alfajiri kabla simu haijalia. Nilivaa jezi yangu ya kijani, nikatia shati juu yake, nikapanda daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Nauza vifaa vya umeme Mtaa wa Msimbazi: nyaya, soketi, swichi, taa. Anayeijua Dar es Salaam ameshaelewa. Makao makuu ya klabu ya mpira ya Simba yako mtaa huohuo, na mimi ni shabiki wa Yanga, watani wao, tangu nikiwa mtoto. Mwaka wa 13 sasa nafungua duka katikati ya watu wa nyekundu.

Jirani yangu wa kulia ni mzee anayeuza makufuli na bawaba. Yeye ni Simba tangu timu hiyo ikiitwa Sunderland, kabla haijabadili jina mwaka 1971. Jioni ya jana yake tulikuwa tumewafunga 5-1. Njia nzima kwenye daladala nilikuwa na uhakika kwamba leo Mzee hafungui. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amezima simu tangu saa moja ya usiku. Marafiki zangu wa Simba wote kimya. Lakini nilipofika, saa moja kasoro, geti la Mzee lilikuwa limeshapandishwa. Amekaa nje kwenye kigoda chake, jezi nyekundu mwilini, mikono kwenye magoti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vua hilo shati, kola ya kijani nimeshaiona. Haya, sema yote. Nimekuja kulipa."

Kulipa. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike leo, kila ninapoona namna tunavyoshangilia na namna tunavyoomboleza siku hizi.

Kwenye ratiba, mechi ile Simba walikuwa wenyeji, sisi wageni. Mtu asiyetujua atauliza, ugeni gani huo? Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zote ni za Kariakoo. Kutoka Jangwani, yaliko makao yetu, mpaka Msimbazi unakwenda kwa mguu na kikombe chako cha kahawa hakijapoa. Uwanja ni uleule wa Benjamin Mkapa, viti 60,000, na mashabiki wa pande zote mbili wanaujaza. Wengi wanaona kilichobaki kwa mwenyeji ni mapato ya mlangoni tu.

Mimi naona ugeni ule una uzito. Machi 2025 tulikuwa sisi wenyeji, na Simba wakasema wamezuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi, haki ambayo kanuni inampa mgeni. Wakatangaza kwamba hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi ya tarehe 8, ikachezwa tarehe 25 Juni, tukashinda 2-0. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini lile jambo la getini liliniuma, na linaniuma hadi leo, awe amelifanya nani. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mtani akija kwako, mfungulie, halafu mfunge uwanjani.

Na kwetu sisi mashabiki, ugenini wenyewe hauko Mkapa hata kidogo. Uko pale mtu anapoishi na kufanya kazi: kwa baba mkwe aliye Simba, kwenye ofisi ambayo bosi ni Yanga, dukani Mtaa wa Msimbazi saa moja asubuhi. Timu inacheza ugenini dakika 90 kisha inapanda basi. Sisi tunarudi kwa watani wetu kesho yake, na keshokutwa, na mtondo.

Nirudi kwenye mechi yenyewe, kwa sababu bila kujua uzito wake mtu hataelewa yule mzee alibeba nini.

Simba walikuja kifua mbele, na walikuwa na sababu. Agosti walitutoa kwa penalti Mkwakwani, Tanga, wakabeba Ngao ya Jamii, kombe la kufungulia msimu. Oktoba walisimama na Al Ahly, vigogo wa Misri, mara mbili bila kufungwa, 2-2 hapa na 1-1 Cairo. Sisi Oktoba hiyohiyo tulipigwa 2-1 na Ihefu kule Mbarali. Kijiweni wiki nzima Mzee alikuwa anatuuliza kama tumeshapata basi la kwenda Mbarali kuomba radhi.

Niliangalia na shemeji kwenye kibanda umiza karibu na nyumbani, watu wamebanana, feni moja. Dakika ya 3 Kennedy Musonda akafunga, kibanda kikawa cha kwetu. Dakika ya 9 Kibu Denis akasawazisha, kikawa cha kwao. Mpaka mapumziko 1-1, na shemeji alikuwa anatafuna karanga kwa utulivu wa mtu anayejua atashinda. Halafu dakika ya 64 Maxi Nzengeli. Dakika ya 73 Aziz Ki. Dakika ya 77 Maxi tena. Shemeji alisimama, akaniwekea karanga zilizobaki mkononi, akatoka nje bila neno. Dakika ya 87 Pacome Zouzoua akapiga penalti, ikawa tano.

Mkono ukawa umetimia. Kila aliyekuwa na jezi ya kijani au ya njano alinyanyua vidole vitano. Ila wasichojua wengi ni kwamba dakika zile za mwisho hatukuwa tunashangilia kwa moyo wote. Tulikuwa tunadai la sita. Mzee mmoja wa Yanga nyuma yangu alikuwa anapiga benchi kwa kiganja, "Moja tu, wanangu, moja tu!" Kwa sababu tarehe 19 Julai 1977 Simba walitufunga 6-0, matatu ya Abdallah Kibadeni peke yake, na deni lile halijawahi kulipwa. Sisi tuliwahi kuwapiga 5-0 mwaka 1968, enzi za Sunderland, wao wakaturudishia 5-0 mwaka 2012. Sita zimebaki zao. Filimbi ikalia. Yule mzee akakaa chini, akafuta uso, akacheka na kutikisa kichwa.

Basi asubuhi ile Msimbazi kila aliyepita akanyoosha vidole vitano, jirani yangu alimjibu kwa vidole sita, taratibu, bila kunyanyuka kwenye kigoda. Alipokuja muuza kahawa, Mzee alimwita, akanunulia kijiwe kizima kahawa na kashata. Watu wa Yanga tulikuwa kama 9 pale, tukampigia makofi. Vijana wa machinga walimjia wakiimba, wakamzungushia kitambaa cha njano shingoni, akawaacha wamalize, kisha akakivua, akakikunja vizuri, akawarudishia. "Mkihifadhi. Mtakihitaji kufutia machozi mzunguko wa pili." Mpaka adhuhuri alikuwa ameshasikia kila kitu kinachoweza kusemwa kuhusu namba tano.

Sasa wapo wanaosema mtu akifungwa hivyo aachwe apumzike, apewe pole, yaishe. Mimi sikubaliani. Pole kavu kwa mtani ni dharau. Unampa pole mtu ambaye unamwona hana nguvu ya kukujibu. Ningepita pale kwa Mzee nikasema "pole sana" halafu nikaingia dukani kwangu kuhesabu soketi, ningekuwa nimemwambia kwamba si mtani tena, amekuwa mgonjwa. Tambo ni haki ya aliyeshinda, na ni heshima kwa aliyeshindwa.

Hatukuitwa watani wa jadi kwa bahati. Utani ulikuwepo kabla ya mpira kufika pwani hii. Mzaramo na Mnyamwezi walitaniana vizazi kwa vizazi, na ulikuwa na sheria zake. Mtani anaweza kukutukana msibani, akashika jeneza akasema haliondoki mpaka alipwe. Lakini ni mtani huyohuyo anayeshika jembe kuchimba kaburi, anayekoroga chungu, anayewachekesha wafiwa wasahau kidogo. Ukitaka haki ya maneno, unachukua na kazi.

Na sheria iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba unamtania anayeweza kukurudishia. Mzee wa makufuli anaweza kunirudishia. Ana vidole sita na ana ulimi. Shemeji anaweza. Lakini usiku ule wa tarehe 5 nilifungua simu nikakuta watu wa timu yangu, wenye jezi kama yangu, wameingia kwenye kurasa za wachezaji wa Simba. Wanamtukania mtu mama yake. Wanamwombea mwingine avunjike mguu. Nikakuta na watu wa Simba wanawafanyia hayohayo wachezaji wao wenyewe, wengine wakimtuhumu kipa kwamba kauza mechi, bila ushahidi wowote. Mama wa mchezaji atarudisha vipi? Hajui hata jina la anayemtukana. Ule si utani. Sijapata jina lake, ila najua kwamba hauna shikamoo ndani yake.

Siku 2 baada ya mechi Simba waliachana na kocha wao Robertinho, Mbrazili. Pale kijiweni kijana mmoja wa kwetu alianza kuimba wimbo juu ya jambo hilo, nikamwomba aache. Mtu kapoteza kazi, na riziki ya mtu haitaniwi. Kijana alinitazama kama nimehama timu.

Sikuhama. Nililijifunza hili mwaka 2012, na ningependa vijana waliokuwa wadogo wakati ule wasikie.

Tarehe 6 Mei 2012 tulipigwa zile tano bila. Emmanuel Okwi alifunga mawili, na mpaka kipa Juma Kaseja alikuja kupiga penalti akatufunga. Bao jingine la penalti lilikuwa la Patrick Mafisango, kiungo wao wa kutoka Rwanda, mzaliwa wa Kongo. Nilikuwa mgeni bado hapa Msimbazi, na wiki ile nilitamani mtaa uwe na njia ya kupita chini ya ardhi. Walinifungia kitambaa chekundu kwenye bango la duka. Waliniwekea mawe matano mlangoni kila asubuhi, yamepangwa mstari. Mzee ndiye aliyekuwa akiyapanga, aliniambia mwenyewe baadaye.

Tarehe 17 Mei, siku 11 tu baada ya mechi, Mafisango akafa kwa ajali ya gari hapahapa Dar es Salaam. Asubuhi ile nilifika dukani, hakukuwa na mawe. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ananitazama, na midomo inatetemeka. Sikujua niseme nini. Yule mtu alikuwa ametufunga wiki mbili hazijaisha. Nilikuwa nimemsema maneno mengi. Nilikwenda kusimama karibu yake, basi. Siku ya kumuaga tulifunga maduka yote mawili tukaenda pamoja, na katika umati wa nyekundu niliona jezi za njano na kijani, si moja wala mbili, watu wazima wanalia. Hakuna aliyewauliza wamefuata nini.

Ndiyo maana mwaka 2023 Mzee alipandisha geti kabla jua halijachomoza vizuri. Alikuwa ana deni la mawe matano. Alijua nitakuja, alijua nitakuja na furaha yote ya miaka 11, na aliona ni vibaya nikikuta mlango umefungwa. Ningefanya nini na furaha ile? Ningeipeleka wapi? Ningeipeleka kwenye simu, kwa watu nisiowajua. Nawaambia wenzangu wa pande zote mbili: siku mkifungwa, njooni kazini. Msizime simu. Aliyeshinda akikosa mtu wa kumtambia uso kwa uso, anatafuta pa kuyatupa maneno yake, na huko anakoyatupa hakuna kahawa wala kashata.

Shemeji aliwasha simu Jumanne usiku. Nilikuwa nimekwenda kwao na mfuko wa karanga. Dada alicheka mpaka akakaa chini jikoni. Shemeji alizipokea, akazimwaga kwenye sahani, akazihesabu tano, akanirudishia zilizobaki. "Hizi zako. Nazidai 2024." Hazikuja mwaka huo. Aprili 2024 tuliwafunga tena 2-1. Alikuja mwenyewe nyumbani kwangu asubuhi yake, saa mbili, kabla sijanywa chai.

Ile Jumatatu ya Novemba tulifunga maduka saa kumi na mbili jioni. Geti la Mzee ni zito na mabega yake yamechoka, kwa hiyo jioni namsaidia kulishusha. Tulilishusha, akatia kufuli, akajaribu kulivuta mara mbili kama kawaida yake. Mtaa ulikuwa umeanza kupungua watu. Akasimama pale na funguo mkononi.

"Huyo mtoto wenu Maxi, mlimtoa wapi?"

"Kongo, Mzee. Alikuwa Maniema Union."

Alinyamaza kidogo, akatia funguo mfukoni.

"Anajua mpira," akasema, akaelekea kituoni.