Nesi wa huku ughaibuni kanisubirisha dakika arobaini

Juzi nimeungua mkono na mafuta ya moto, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Jana narudi kusafishwa kidonda, nesi kanipa morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, kwenye kikombe kidogo, nikanywa, nikanyoosha mkono nikijua tunaanza. Wapi! Kaangalia saa, anasema tusubiri dakika arobaini dawa ishike kwanza. Nikaona ananipotezea muda tu.

Muda ulipofika hakuvuta kitu. Akamwagia ile bandeji maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka ikaachia yenyewe, na kila saa ananiuliza maumivu ni ngapi, sifuri mpaka kumi, mpaka kero. Nikasema nne, si mnatujua. Akaangalia vidole vyangu vya miguu vilivyojikunja, akaandika saba, akaacha kwanza, akaniletea gesi ya kuvuta kwa kinyago.

Mimi nyumbani niliungua pia, utotoni. Bandeji imegandana na nyama, inabanduliwa kavu kavu, watu wawili wamenishika, "jikaze, we si mwanaume!" Panadol unapewa kazi ikishaisha, ya nini sasa?

Najua mnakuja, "kaenda juzi tu kashaanza kuringa". Siringi. Manesi wetu nawavulia kofia, mmoja na wodi nzima, na wana mikono myepesi kuliko huyu wa huku aliyefunga mara tatu ndo bandeji ikakaa. Mwingine atasema dawa hazipo. Haya, morfini inafungiwa kabatini na mwenye ufunguo haonekani, hiyo nakubali. Ila ketamini, dawa ya usingizi inayoua na maumivu, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO toka 1985 na haina bei ya kutisha. Na maji ya uvuguvugu nayo yameadimika? Hiyo hiyo panadol kumpa mtu kabla badala ya baada inataka bajeti gani jamani??

Halafu kuna wale wa "kikiuma ndo kinapona". Kwa moto ni tofauti, pale pasipouma kabisa mara nyingi ndo pameungua ndani zaidi, mishipa ya fahamu imekufa. Na mtoto akibanduliwa kavu leo, kesho analia kabla hajaguswa, mwili wote umekaza, inauma kuliko jana. Mimi utotoni, lile toroli la kusafishia vidonda lilikuwa na gurudumu linalopiga kelele, nikilisikia tu huko kwenye korido nshajificha chini ya kitanda.

Kesho narudi saa nne. Dawa nimeambiwa ninywe kabisa kabla sijatoka, saa tatu na robo.