Kodi ya Kutazama Miti

Barua imesukumwa chini ya mlango: kuanzia mwezi ujao kodi inapanda "kwa sababu ya mandhari." Mandhari! Ni kweli nakaa Parklands, ukivuka barabara uko City Park. Lakini dirisha langu linaloona miti ni la choo, tena mpaka upande juu ya mtungi wa maji, na mitungi Nairobi haikai bure.

Nikamwita ajenti. Akaja na tai, viatu vinang'aa. "Mzee wangu, siku hizi watu wanalipia kijani. Waangalie wa Muthaiga na Gigiri, kando ya Karura." Nikamjibu kwa adabu zote za mtu mwenye deni la mwezi jana: ndugu yangu, wale wana msitu, mimi nina kima. Karibu jikoni, chai iko tayari.

Kima alishatutangulia, ametulia dirishani kama aliyelipa kodi. Ajenti akatabasamu. "Haya ndiyo maumbile, mzee." Kabla hajameza mate, maumbile yakanyoosha mkono yakabeba andazi. La ajenti, si langu. "We!" Kima akamtolea meno, akachukua la pili, akapanda juu ya kabati kutafuna huku anamkazia macho. Faili ikamponyoka mgeni wangu. Kima akashuka, akachana karatasi moja, akaionja, akaitema. Niliomba iwe yangu. Haikuwa.

Ajenti keshafika mlangoni, bado anauza: "Wazungu wanawapenda sana hawa!"

Hapo adabu ikaniisha. Kwani miti aliipanda yeye? Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni. Januari 1999 akapasuliwa kichwa Karura, amekwenda kupanda miche. Sikusikia landilodi aliyempelekea hata plasta. Leo kivuli kile kile kinakatiwa risiti, na pesa haziendi kwa mti.

Jirani wa chini hana hata hilo dirisha la choo, naye kapandishiwa. Ati anapata hewa. Hewa gani, na taka za ploti hazijazolewa tangu mwezi uanze?

Na soja wa geti naye anataka ya chai, eti ya kufukuza kima. Kima anaowaita kwa majina! Yule mkubwa ni Mheshimiwa. Juzi nimemkuta anampisha kwenye ngazi, kofia mkononi.