PQ 17: Dhana iliyotumwa kama habari

Julai 4, 1942, saa 3 na dakika 11 usiku, manowari za Waingereza na Wamarekani zilizokuwa zikilinda msafara wa meli za mizigo Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norway na Urusi, zilipokea ujumbe wa redio kutoka London: kruza, yaani manowari za ukubwa wa kati, zirudi magharibi kwa kasi. Dakika 12 baadaye ukaja wa pili: kwa sababu ya tishio la manowari kubwa za adui, msafara uachane, kila meli ielekee bandari za Urusi. Zikapita dakika 13, ukaja wa tatu: msafara utawanyike. Aliyezisoma zikifuatana hivyo, kila moja na haraka yake, alielewa jambo moja tu. Tirpitz, ile manowari kubwa ya Wajerumani, imefika, pengine milingoti yake itachomoza sasa hivi.

Haikuwa karibu. Ilikuwa imetia nanga Altafjord, kaskazini mwa Norway.

Msafara huo, PQ 17, ulitoka Iceland Juni 27 ukiwa na meli za mizigo 35, zikipeleka Arkhangelsk silaha za kuwasaidia Warusi dhidi ya Hitler. Hadi amri inatoka, meli 3 zilikuwa zimekwisha. Baada ya amri zikazama nyingine 21. Mabaharia 153 wa meli za mizigo walikufa, na vifaru 430, ndege 210 na magari 3,350 yakaishia chini ya bahari.

Aliyetoa amri ni Admirali Dudley Pound, mkuu wa jeshi la wanamaji la Uingereza, akiwa ofisini London. Lawama zimemwandama hadi leo. Mimi naanza kwa kumtetea, maana utetezi wake una uzito kuliko wanaomlaumu wanavyokubali.

Tirpitz ilikuwa na mizinga 8 ya milimita 380. Mwaka mmoja tu kabla, pacha wake Bismarck aliizamisha manowari ya Waingereza, Hood, kwa dakika chache, na kati ya watu zaidi ya 1,400 waliokuwamo walipona 3. Kruza 4 za Admirali Hamilton zilizokuwa karibu na msafara, 2 kati yake za Marekani, zisingeweza kupambana na dude kama hilo. Manowari kubwa za Admirali Tovey zilikuwa mbali magharibi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzisogeza chini ya ndege za Wajerumani. Kwa hesabu ya Pound, meli 30 zilizobanana ni kuku kwenye tenga: mwewe akitua hapo, habaki hata mmoja. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wala hakuwa anaota. Wajerumani walikuwa na mpango kamili wa kuushambulia msafara ule, na Tirpitz ilitoka kweli, Julai 5.

Isitoshe, dawa ya kutawanyika ilikwishajaribiwa ikaponya. Novemba 1940, katikati ya Atlantiki, manowari ya Kijerumani Admiral Scheer iliuvamia msafara HX 84. Jervis Bay, meli ya abiria iliyofungwa mizinga, iliikabili peke yake ikazama, na wakati huo meli za mizigo zikatawanyika. Zilizopotea ni 5, kati ya zaidi ya 30.

Hapa ndipo ninapoachana na Admirali. Atlantiki ni pana, na siku ile giza lilikuwa linaingia, kwa hiyo meli zilikuwa na pa kukimbilia na pa kujificha. Barents ya Julai haina hata kimoja. Kaskazini ni ukuta wa barafu, kusini ni pwani iliyojaa viwanja vya ndege vya Wajerumani, na jua halizami. Ule "usiku" wa saa 3 ni usiku wa jina tu. Tena, adui aliyekuwepo kwa hakika alikuwa ndege na nyambizi, na kinga dhidi ya hao ni kukaa pamoja. Ndege inayoshuka katikati ya msafara hupokewa na mizinga ya meli kumi kwa mpigo, na nyambizi inayonyemelea hukuta manowari zenye vyombo vya kuisikia chini ya maji. Meli ya mizigo iliyo peke yake ina bunduki chache, na wa kuisaidia hayupo. Tovey alikuwa amependekeza mapema kwamba Tirpitz ikitokea, msafara ugeuzwe magharibi kuivuta kuelekea kwenye manowari zake. Pound hakukubali.

Lakini wapi alikosea hasa? Wengi husema aliogopa. Wengine hutaja ugonjwa. Alikuwa na uvimbe kwenye ubongo na alifariki Oktoba 1943. Hoja ya ugonjwa siipendi, inamaliza mjadala kabla haujaanza. Mimi natazama mazungumzo yake jioni ile na Norman Denning, ofisa wa upelelezi wa wanamaji. Pound alimtaka amhakikishie kwamba Tirpitz bado iko Altafjord. Denning hakuweza. Alichokuwa nacho ni ukimya: nyambizi za Kijerumani hazikuwa zimeonywa kwamba meli yao kubwa iko baharini, onyo ambalo hutolewa zisije zikaipiga kwa makosa. Kwa Denning ukimya ule ulitosha kuamini. Kwa Pound haukutosha, na simlaumu kwa hilo. Jumbe za adui zilichelewa kufumbuliwa, na saa chache zilitosha kwa Tirpitz kufika.

Ninachomlaumia ni kwamba shaka yake aliiacha London. Zile jumbe tatu hazikuwa na neno lolote la kuonyesha kwamba ni dhana. Kamanda Jack Broome, aliyeongoza ulinzi wa karibu akiwa kwenye Keppel, alichukua manowari zake ndogo za kasi akazifuata kruza magharibi akiamini anakwenda vitani. Msimamizi wa meli za mizigo hakuamini alichokiona kwenye bendera za ishara, ikabidi Broome amsogelee na kumrudia amri kwa sauti. Angeambiwa "hatuna uhakika, ila tunahofia", sidhani kama Broome angeziacha meli za mizigo.

Nayo Tirpitz iligeuza kurudi siku ileile iliyotoka. Haikufyatua hata kombora moja, maana kazi yake ilikuwa inafanywa na ndege na nyambizi.

Yupo mmoja aliyeitafsiri amri kwa namna yake. Leo Gradwell, wakili wakati wa amani, alikuwa nahodha wa Ayrshire, meli ya uvuvi iliyogeuzwa ya ulinzi. Badala ya kwenda zake, alikusanya meli 3 za mizigo, Ironclad, Silver Sword na Troubadour, akaziingiza ndani ya barafu. Troubadour ilikuwa imebeba rangi nyeupe ya kupaka, basi mabaharia wakazipaka meli, wakatandika mashuka meupe juu ya sitaha. Vifaru vilivyokuwa vimefungwa sitahani vilitiwa risasi na mizinga yake ikaelekezwa nje. Ndege za Wajerumani hazikuwaona. Meli zote 4 ziliingia Arkhangelsk mwezi uleule wa Julai.